Mfuko wa DAP Una Jina la Nani? Iringa hadi Tukuyu, Msimu wa Kupanda

Haya yametoka kwenye daftari la safari na picha za simu, yakapangwa tukiwa tumesharudi nyumbani. Njia ilikuwa Iringa, Makambako, Njombe, Uyole na Tukuyu, katikati ya Novemba, mvua za kwanza zikigonga mabati na kila stendi ikiwa na mifuko ya mbolea inayosubiri usafiri. Tulifuatilia jambo moja: mbolea ya ruzuku, ushauri wa bwana shamba, mkopo, mbegu na hati ya shamba vikishafika kijijini, ndani ya nyumba vinaishia mkononi mwa nani.

Jumatatu: Iringa, upande wa Kalenga

Mabasi ya mikoani yanashushia Igumbilo, nje ya mji. Bajaji ya kuchangia hadi mjini shilingi 1,000, ya kukodi 5,000 na bei inapanda ukifika usiku. Asubuhi daladala ya Kalenga 1,500, kisha bodaboda 4,000 hadi ofisi ya kijiji, njia ya vumbi ambayo saa moja ya mvua inaigeuza utelezi.

Kwa atakayefuata: anza kwa mtendaji wa kijiji hata kama una mwenyeji. Bila kusaini kitabu cha wageni, watu watakujibu kwa adabu na hawatakwambia kitu.

Tulianzia Iringa kwa sababu mashamba mengi ya vijiji vya wilaya hii yalipimwa kwa simu chini ya LTA, mradi wa umilikishaji ardhi uliofadhiliwa na Marekani, na hati za hakimiliki ya kimila zilitoka. Yaani majina yanaonekana kwenye karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haina utata: mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Hati moja inaweza kubeba majina mawili, la mume na la mke.

Mambo huharibika shambani, siku ya kupima. Mume amesimama mpakani na majirani, mke yuko mtoni au shamba la pili, na anayejaza fomu anaandika jina la aliyepo. Kurekebisha baadaye kunarudisha watu kwenye halmashauri ya kijiji, kisha ofisi ya ardhi ya wilaya, na nauli ya kwenda wilayani mara mbili tatu inatosha kumkatisha mtu tamaa. Mama mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya uhakiki alisema wao walikuwa wanauliza kwanza, kabla simu haijawashwa: "Nani mwingine analima hapa?" Kisha wanakaa chini ya mti mpaka huyo mwingine aitwe. Siku nyingine walipima mashamba machache kwa ajili hiyo, wakagombezwa. Anakumbuka kidau cha wino kilichokauka, wakawa wanakidondoshea maji ya kunywa, na bibi mmoja akabonyeza dole gumba zaidi ya mara moja kwa sababu mistari ya kidole ilikuwa imeshalika kwa jembe.

Wanaoachwa nje mara nyingi ni mke wa pili, binti aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, na mjane ambaye shemeji "anamtunzia" shamba. Akitaka kulalamika, pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, na sheria inataka 3 kati yao wawe wanawake. Ukifika kijijini uliza majina ya hao watatu. Mtendaji akisita kuyataja, baraza hilo huenda halijakaa siku nyingi.

Chakula cha mchana, ugali, maharage na majani ya maboga, 2,500. Chai tuliletewa na jirani wa ofisi ambaye hata hakuuliza tumefuata nini.

Jumanne: Iringa, Makambako, Njombe

Basi hadi Makambako 10,000, na Mafinga tulipita bila la kuandika. Mkanda wa injini ulikatika karibu na Nyololo. Kondakta akasema dakika ishirini. Ikawa saa mbili na nusu. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara alitutolea viti viwili na ndoo iliyopinduliwa, akawamiminia watoto wa abiria chai ya mkandaa, akakataa hela. Mahindi alikubali kulipwa, 500 moja.

Yeye ana ekari moja na nusu. Tulipomuuliza kama amejisajili kwa mbolea ya ruzuku alijibu, "Mzee amejisajili." Ekari yake moja na nusu imo ndani ya ekari nne za mzee. Mbolea ikija inaanza na mahindi ya biashara ya mzee, na ikibaki ndiyo inakwenda kwenye shamba lake. Mwaka jana ilibaki? "Ilibaki mfuko mtupu, nikauanikia dagaa." Akacheka mwenyewe.

Makambako foleni ya malori kwenye mizani ilikula nusu saa nyingine. Kosta hadi Njombe 4,000. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haina utani hata Novemba. Gesti ya 25,000, lakini kabla ya kulipa uliza maji ya moto ni ya bomba au ya ndoo, na ndoo inaletwa saa ngapi.

Jumatano: Njombe mjini, dukani kwa wakala

Siku nzima tulikaa duka moja la pembejeo, na ndiyo siku iliyojaza kurasa nyingi.

Mpango wa ruzuku ya mbolea ulizinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, na msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, au wa urea uliuzwa 70,000. Bei elekezi hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la msimu wako la TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Utaratibu ni huu: mkulima anaandikishwa kijijini kwake, na taarifa zinazochukuliwa ni jina, kitambulisho, namba ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa na zao. Anapata namba yake ya mkulima. Akienda kwa wakala anaitaja, wakala anaiingiza kwenye mfumo, ujumbe unakwenda kwenye simu iliyosajiliwa, mkulima analipa na kuchukua mifuko kulingana na ekari alizoandikisha.

Neno la kuangalia hapo ni "simu iliyosajiliwa". Saa nne asubuhi aliingia mama mwenye kipande cha karatasi ya daftari, namba imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Namba ilikuwa sahihi, hela anayo, amefunga kwenye kona ya kitenge. Ujumbe ukaenda kwa mume, na mume yuko kwenye kupasua mbao msituni ambako mtandao unapatikana kwa kupanda kilima. Wakala alipiga simu mara kadhaa. Mama akakaa kwenye ngazi ya duka. Saa saba hivi akasimama, maana gari la kijijini kwao linaondoka saa nane, akanunua kilo 10 za kupima kwa 2,000 kila moja. Kwa bei hiyo mfuko mzima ni 100,000, na mbolea yenyewe imetoka kwenye mfuko uliokaa wazi, punje zimeanza kushikana kwa unyevu. Wakala hakufurahi kumuuzia hivyo. Alimwandikia mtendaji wa kijiji ujumbe pale pale ili namba ya simu ibadilishwe.

Kwa mwanamke anayetaka kuepuka safari kama hiyo, mambo ya kufanya ni machache lakini yana wakati wake. Laini iwe ya kwake, imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya NIDA inatosha hata kama kadi haijatoka. Ajiandikishe au ahuishe taarifa Julai hadi Septemba, foleni ikiwa fupi, asisubiri mawingu. Shamba analolima mwenyewe liandikwe kwa jina lake, hata kama amelikodi. Hapa ndipo ubishi unapoanza, kwa sababu baadhi ya viongozi wa vijiji wanaona kaya ni jina moja. Jibu linalofanya kazi ni hesabu. Kama nyumba ina ekari 4 na mke analima 1.5, mume aandikiwe 2.5 na mke 1.5. Jumla haijaongezeka, hakuna aliyedanganya, na mfuko wa mke unakuja kwa jina la mke. Ekari zilezile zikiandikwa mara mbili ni kosa na zitaleta shida kwenye uhakiki.

Mfuko wa kilo 50 kwenye bodaboda hadi vijiji vya karibu ulikuwa 5,000, vya mbali 10,000. Wanaume wengi walibeba kwenye baiskeli au pikipiki zao bure. Gharama hii haimo kwenye tangazo lolote la ruzuku.

Alhamisi: Uwemba

Bodaboda kutoka mjini 6,000, ukungu mpaka saa tatu. Kulikuwa na somo la kupanda mahindi na viazi mviringo. Wanaume walijaa mabenchi, wanawake wachache wamesimama karibu na mlango, mmoja akiwa na ndoo. Somo lilianza saa tatu asubuhi, muda ambao mwanamke wa hapa ama yuko shambani ama anamalizia kazi za nyumbani ili aende huko. Baada ya somo tuliuliza mabenchi: nani hasa ataweka mbegu kwenye shimo? Vicheko, kisha, "Wake zetu."

Somo lenyewe linategemea mkono unaopanda. Mahindi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ni mashimo karibu 9,000 kwa ekari. Mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 ukigawanywa hapo ni gramu 5 na ushee kwa shimo, sawa na kizibo kimoja cha soda kilichojaa. Ikiwekwa kwa kukadiria na vidole, mfuko unaisha kabla ya robo tatu ya shamba, na safu za mwisho hazipati kitu. Mbolea ikigusana na mbegu, mbegu inaungua. Inatakiwa kufunikwa kwa udongo wa sentimita 5 hivi kabla ya kudondosha mbegu. Mume alisikia yote hayo. Akifika nyumbani anasema, "Bwana shamba amesema kizibo kimoja." Udongo wa katikati hausemwi, na mahindi yasipoota mbegu ndiyo inalaumiwa.

Afisa ugani mwenyewe analijua tatizo. Pikipiki anayo, mafuta yake ndiyo ya kubahatisha, kwa hiyo anapofika kijijini anataka kumaliza kwa mkutano mmoja. Alichobuni msimu huu ni kuhamishia somo la pili kwenye mashine ya kusaga, saa tisa alasiri, ambako wanawake wanasubiri zamu ya unga. Tulimfuata. Alichora mistari chini kwa kijiti, akawapa vizibo na mchanga, kila mmoja akapanda shimo lake la mfano. Kelele za injini zilikuwa kali, ilibidi apige kelele. Maswali yalikuwa tofauti kabisa na ya asubuhi: kama maharage yakichanganywa na mahindi kipimo kinabadilika? Kama mbolea ni nusu mfuko tu, bora kuiweka ekari nzima nusu kizibo au nusu ekari kizibo kizima?  Na kizibo kilichopondeka pembeni kipo sawa? Alijibu: hapana, tafuta kingine.

Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa walitoa ripoti mwaka 2015 iliyoweka pengo la mavuno kati ya mashamba yanayosimamiwa na wanawake na yale ya wanaume Tanzania kuwa asilimia 16. Sababu kubwa waliyoiona ni nguvukazi ya wanaume ambayo mwanamke hana. Uwemba hilo linaonekana kwa macho: mjane analimiwa mwisho, baada ya wenye ng'ombe na wenye marafiki wenye ng'ombe, kwa hiyo anapanda mwisho, na mbolea nzuri iliyowekwa wiki tatu baada ya mvua kuanza haimfidii. Ukiandaa mradi wa pembejeo bila kuuliza nani atamlimia, umefanya nusu ya kazi.

Mchana viazi vya kuchemsha na chachandu ya nyanya, 1,500 sahani iliyojaa. Mwenye mashine ya kusaga alituachia kibanda chake wakati wa mvua na kutoka nje mwenyewe na mwavuli.

Ijumaa: Njombe hadi Uyole

Siku ya basi tu, 13,000 kupitia Makambako, Igawa na Chimala, mchana kutwa.

TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, tulifika ofisi zikikaribia kufunga. Mwenye nia ya kupita hapo asiache hadi Ijumaa jioni kama sisi. Jumamosi hakuna wa kukuhudumia. Kwa kusimama mlangoni tulipata jambo la maharage, zao ambalo nyanda za juu liko zaidi mikononi mwa wanawake. Aina zilizotoka hapa zinajulikana: Uyole 96, Uyole 03, Njano Uyole. Kwenye maduka ya pembejeo, hata hivyo, rafu zimejaa mahindi chotara na harage ni la kutafuta. Sababu ni ya kibiashara. Harage linajichavusha lenyewe, mkulima akinunua mara moja anaweza kutunza mbegu misimu kadhaa, kampuni haimwoni tena. Njia inayofanya kazi ni mbegu za kuazimiwa ubora: kikundi kinapata mbegu ya msingi, kinajisajili TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, shamba linakaguliwa, kinauza kwa majirani. Kikundi kinachoshindwa mara nyingi kimefungwa na sharti la kutenganisha shamba na maharage mengine au kwa kuchelewa kuomba mkaguzi. Omba ukaguzi kabla ya kupanda.

Jumamosi: kikundi cha kuweka na kukopa, nje kidogo ya Uyole

Wanakutana saa nane mchana. Sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na mwenye sanduku hana ufunguo. Mmoja alichelewa, wote wakasubiri, na faini ya 500 ilidaiwa kabla hajasalimia.

Walikuwa wanapanga mgao wa akiba zao. Mzunguko wao unavunjwa katikati ya Desemba kwa ajili ya sikukuu na ada za Januari, kama vikundi vingi. Katibu, dada anayelima viazi, akasimama na hoja: mbolea ya kupandia inanunuliwa Oktoba na Novemba, sasa kwa nini hela zetu zinatoka wakati mahindi yameshafika magotini? Mzozo ulichukua karibu saa nzima. Mama mtu mzima alipinga kwa nguvu, kwamba hela ya Oktoba mume ataiona na kuipangia kazi, hela ya Desemba ina ada ya kuitetea. Hakuna aliyemcheka. Walikubaliana mgao ubaki Desemba, lakini mwakani ufunguliwe mfuko wa pembejeo: kila mwanachama anaweka kidogo kila wiki kuanzia Februari, na Oktoba kikundi kinawalipia wanachama moja kwa moja kwa wakala, hela haipiti nyumbani.

Tuliuliza kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa 2023, ikarejea 2024. Wanataka kuomba. Kinachohitajika ni kikundi kilichosajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, katiba, akaunti ya benki, mihtasari ya vikao na andiko la mradi. Maandiko mengi hukwama kwenye hesabu: mtu anaandika "kilimo cha viazi" bila ekari, bei ya mbegu wala tarehe ya kuvuna, kisha marejesho yanapangwa kuanza kabla kiazi hakijatoka ardhini. Andika tarehe ya mavuno kwanza, halafu omba muda wa kuanza kulipa uendane nayo.

Jumapili na Jumatatu: Tukuyu

Kosta kutoka Uyole 4,000, mvua kuanzia Kiwira, mabegi juu bila turubai. Beba mfuko wa plastiki wa kufunika nguo. Abiria mmoja alishuka kwenye mvua akamkabidhi mzee wa jirani yetu koti lake la mvua, akasema atalifuata Jumanne sokoni.

Rungwe ni chai, ndizi, maziwa na sasa parachichi. Kwenye chai, anayechuma jani mbili na chipukizi, akiurudia mche ule ule kila wiki moja au mbili, mara nyingi ni mke. Kadi ya kupimia majani na akaunti ya malipo ni ya mwanachama, na mwanachama ni mwenye shamba. Mafunzo ya uchumaji pia huitwa kwa orodha ya wanachama. Kwenye banda moja la kununulia majani tuliona familia iliyotatua hili bila kelele: walikata shamba kwa mstari wa migomba, wakafungua kadi mbili, na sasa uzito wa kila upande unajulikana. Karani alisema majani ya upande wa mke hayarudishwi kwa ubora hafifu.

Parachichi ni gumu zaidi. Aina ya Hass ikipandwa mita 7 kwa 7 ni miche 80 na kidogo kwa ekari, na inaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Lakini mti ni alama ya umiliki. Anayelima shamba la kuazima, la mume au la ukwe, anaruhusiwa maharage na viazi. Akileta miche ataulizwa anajenga nini. Kwa hiyo miche ya mradi inapogawiwa kwa "wakulima wote", wanawake wengi wanaipokea na kuipanda kwa jina la mtu mwingine, au wanaiacha ikauke nyuma ya jiko. Ukiwa unagawa miche, anza na karatasi: makubaliano ya maandishi mbele ya halmashauri ya kijiji yanayosema miti ni ya nani, matunda ni ya nani, na ardhi ikirudishwa mwenye miti analipwaje. Mjane mmoja alituonyesha yake, ameiweka kwenye bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa sukari. Mashemeji zake wawili wamesaini. Miche yake 30 ipo usawa wa kiuno, na katikati ameweka maharage mpaka vivuli vitakapokutana.

Ndizi za nyama na mtindi, 4,000. Basi la kurudi Dar linaondoka Tukuyu alfajiri. Kata tiketi jioni ya kabla yake, na uulize kama litapita Mbeya mjini, kwa sababu likiingia stendi kuu unapoteza saa nzima.